Ukuta wa 1870 ni nini, na watu wanaupitaje

Ukisikia Mmarekani mweusi anayetafuta ukoo wake anasema amegonga ukuta wa 1870, anamaanisha amewafuata watu wake kwenye karatasi, kizazi baada ya kizazi akirudi nyuma, mpaka akafika sensa ya mwaka 1870, alafu hapo majina yakakatika. Anafungua sensa ya 1860, bibi hayupo, babu hayupo. Na walikuwepo, palepale Georgia au Mississippi wakilima pamba ya mtu, ila serikali haikuandika majina yao.

Nimeamua kuielezea hii manake Waswahili siku hizi wanaishi Houston, Atlanta na miji mingine ya huko, wameoa na wameolewa, na wana watoto ambao upande mmoja wa ukoo unajulikana hadi babu wa babu, na upande wa pili unaishia kijiji fulani cha Alabama basi. Huo upande wa pili nao una watu, na mtoto ana haki ya kuwajua.

Sasa kwanini 1870. Marekani wanafanya sensa kila miaka 10 tangu 1790, ila mwanzoni walikuwa wanaandika jina la mkuu wa kaya tu, waliobaki wanahesabiwa. Kuanzia 1850 wakaandika kila mtu huru kwa jina lake. Watumwa wakatengewa daftari lao, 1850 na tena 1860, na ukilifungua hilo daftari unakuta jina la mwenye mali, alafu chini yake mistari tu, mwanamke miaka 32, mwanaume 30, msichana 9, mtoto miezi 4, mweusi au chotara, imeisha. Majina hamna, labda kwa wachache sana. Tena mara nyingi wamepangwa kwa umri, mkubwa juu mdogo chini, kwahiyo hata mama na mwanae huwezi kujua yupi ni wa yupi. Watu karibu milioni 4 waliandikwa hivyo mwaka 1860. Vita ya wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya Kaskazini na ya Kusini yenye watumwa, ikaisha 1865, utumwa ukafutwa kwenye katiba Desemba mwaka huohuo, na sensa iliyofuata ndo hiyo ya 1870, ya kwanza kuwaandika wote kwa majina yao kamili. Kuna weusi waliokuwa huru tayari kabla ya vita, karibu laki 5, hao utawakuta 1850 na 1860 kwa majina na ukuta huu hauwahusu sana, ndo maana usidhani tu kwamba kila babu mweusi wa Kusini alikuwa mtumwa, angalia kwanza.

Kabla hujaufikia ukuta kuna kazi ya kutoka leo mpaka 1870, na hapa watu wanakimbia sana, wanaruka kizazi kizima kwa sababu wameona jina linalofanana. Sensa zinafunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, ya 1950 ilifunguliwa 2022, kwahiyo unaanzia hapo unarudi nyuma moja moja. Ya 1900 ni tamu kwelikweli, inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na inamuuliza kila mama amezaa watoto wangapi na walio hai ni wangapi, ukikuta mama amezaa 11 wamebaki 6 unajua kuna watoto 5 ambao huenda hakuna anayewakumbuka. Ya 1890 sahau, karibu yote iliharibika baada ya moto wa Januari 1921 kule Washington, na pengo hilo la miaka 20 linaumiza manake mtoto aliyezaliwa 1881 akaondoka nyumbani 1899 hutamkuta na wazazi wake kwenye sensa yoyote. Ya 1880 inasema nani ni nani kwa mkuu wa kaya, mke, mwana, mama mkwe, na inasema wazazi wa kila mtu walizaliwa jimbo gani. Vyeti vya kuzaliwa na vifo usivitegemee mapema, Kusini walichelewa, Mississippi walianza kuandikisha kwa jimbo zima 1912, South Carolina 1915, Georgia 1919. Cheti cha kifo cha mzee aliyekufa 1925 lakini ni dhahabu, kwa sababu kinataja wazazi wake, watu waliozaliwa utumwani, kama mtoto aliyetoa taarifa alikuwa anawajua. Na majina na umri vinayumba, karani mmoja anaandika hivi mwingine vile, mtu ana miaka 30 sensa hii na 45 ijayo, wengi hawakuwahi kuambiwa tarehe yao ya kuzaliwa, usimtupe mtu kwa sababu ya tofauti ya miaka mitano.

Haya, umefika 1870. Kosa la kwanza ni kuchukua jina la ukoo na kusema bwana wao lazima alikuwa na jina hilohilo. Wengine ndivyo, wengine walibeba jina la bwana wa zamani aliyemmiliki baba yao, wengine walikuwa na jina lao wenyewe walilotumia kimyakimya miaka yote. Kwahiyo soma ukurasa mzima, na kurasa kadhaa mbele na nyuma, majirani ni akina nani, mzungu mwenye ardhi kubwa hapo karibu ni nani, manake miaka mitano baada ya vita wengi walikuwa bado wanalima shamba lilelile au la jirani.

Ukishapata familia ya mzungu unayoihisi, hapo ndo penyewe. Ukuta unapitwa kwa kumtafuta mwenye shamba, sio kwa kuendelea kumtafuta bibi, kwa sababu kabla ya uhuru bibi ameandikwa kwenye karatasi za mali ya mtu mwingine. Wosia, hesabu ya mirathi, hati za mauzo, mikopo iliyowekewa watu rehani, vyote viko mahakama ya kaunti kama havikuungua. Na kwenye mirathi mara nyingi majina yapo! Mwenye shamba akifa wanaorodhesha kila kitu na bei, kwahiyo unasoma nyumbu, jembe, kitanda, alafu Hannah na mtoto wake, dola kadhaa. Wosia nyingine zinamwachia binti wa marehemu mtumwa fulani wa kike pamoja na uzao wake wa baadae, yaani watoto ambao hata mimba zao hazijatungwa wamesharithishwa. Ni ngumu kusoma, na ukimkuta wa kwako humo pumzika kidogo kabla hujaendelea. Ila hiyo karatasi ndo imehifadhi kwamba Hannah alikuwa na mtoto na mtoto alikuwa na jina. Fuata pia upande wa mke wa mwenye shamba, hapo wengi wanasahau, manake mabinti walipewa watu na baba zao walipoolewa, na bibi yako anaweza kuwa ametokea huko.

Katikati ya 1865 na 1870 kuna karatasi zinazounganisha pande mbili. Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyofanya kazi 1865 mpaka 1872, ilisimamia mikataba ya kazi, na kwenye mkataba unakuta jina la mwenye shamba na majina ya wafanyakazi, wengi wameweka alama ya X, mara nyingi ni haohao aliokuwa anawamiliki mwaka uliopita. Freedman's Bank, benki ya watu waliotoka utumwani, ilikufa 1874 ikazama na akiba za watu, lakini daftari za wateja zimebaki, na baadhi zinataja baba, mama, ndugu, hata bwana wa zamani na shamba. North Carolina mwaka 1866 waliandikisha wanandoa waliokuwa wakiishi pamoja utumwani na wameishi muda gani. Na kama babu alipigana upande wa Kaskazini, wanajeshi weusi walikuwa kama 179,000, faili la pensheni la mjane wake linaweza kuwa na ushahidi wa majirani unaokueleza ndoa ilifungwa wapi, nani alikuwepo, watoto ni akina nani.

Mfano wa kweli wa jinsi vipande vinavyoungana ni familia ya Cameron, waliokuwa na shamba la Stagville karibu na Durham, North Carolina, na kufikia 1860 walimiliki watu kama 900. Mwaka 1844 Paul Cameron, mmoja wa familia hiyo, alipeleka zaidi ya 100 kati ya watu hao Alabama, kaunti ya Greene, kufungua shamba la pamba. Sasa mjukuu wa hao waliopelekwa leo akitafuta 1870 atawakuta kaunti ya Hale, na 1860 kaunti ya Hale haipo kabisa kwa sababu ilianzishwa 1867 kwa kumega Greene na jirani zake. Kidokezo pekee kwenye sensa ni kwamba wazee wameandikwa wamezaliwa North Carolina huku watoto Alabama. Ukikiona hicho usikipite, watu kama milioni 1 walihamishwa kwa nguvu hivyo kutoka majimbo ya juu ya Kusini kwenda majimbo ya pamba kabla ya vita, kwa kuuzwa au kwa kuhamishwa na mabwana zao. Na karatasi za Cameron haziko Alabama, ziko chuo kikuu cha Chapel Hill, North Carolina, zikiwa na orodha za watu kwa majina. Baadhi ya waliopelekwa Alabama baada ya uhuru walikuja kununua vipande vya ardhi hiyohiyo, kwahiyo hati za viwanja kaunti ya Hale nazo zina majina yao, safari hii wakiwa upande wa wanunuzi.

Nyingi ya sensa hizi na faili za Freedmen's Bureau zimeskaniwa na unazisoma bure onlaini, tovuti ya ukoo ya FamilySearch wanazo. Mirathi baadhi zipo hukohuko, nyingine bado ni mpaka uandikie karani wa kaunti au uende mwenyewe. Na kabla ya yote hayo kaa na mama mkwe au shangazi wa huko, muulize kanisa lao la zamani liliitwaje na makaburi yako wapi, kwa sababu ukiwa na jina la kaunti kazi inaanza, bila kaunti unazunguka tu.