Endokanabinoidi: mafuta yanayomchagulia mnyoo chakula

Mgomba wa matoke ukianguka Masaka, Uganda, na mkungu wake bado mchanga, lawama huenda kwa upepo. Mara nyingi upepo umekuja kumalizia tu. Chimbua mizizi, upasue mmoja kwa urefu, na utakuta mabaka mekundu yanayogeuka meusi kutoka ganda kuelekea ndani. Hapo wamekula minyoo duara, wadogo kiasi kwamba macho matupu hayawaoni. Nimepasua mizizi ya namna hiyo mara nyingi, na kila mara hujiuliza: mnyoo anajuaje kwamba sasa ni wakati wa kula, na kwamba chakula hiki ni bora kuliko kile?

Jibu tulilo nalo limetoka zaidi kwa jamaa yake asiyemdhuru mtu wala mmea, Caenorhabditis elegans. Huyu ana urefu wa milimita 1 hivi, hupatikana kwenye matunda yanayooza, na chakula chake ni bakteria. Sydney Brenner alianza kumchunguza Cambridge miaka ya 1960. Ana seli za neva 302 tu, na 20 kati ya hizo ni za koromeo peke yake. Uzuri ni kwamba mwili wake unapitisha nuru. Mweke chini ya hadubini utazame koromeo: linafunguka, linavuta maji yenye bakteria, linafunga, na nyuma yake kuna kinu kidogo kinachosaga. Akiwa kwenye chakula kingi, hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika. Ukimwondolea chakula, mapigo yanapungua sana.

Mapigo hayo yana wasimamizi wake. Nyurotransmita ni kemikali ambayo seli ya neva huimwaga ili kuipa habari seli nyingine au msuli. Asetilikolini huanzisha pigo, na glutameti husaidia kulikatisha ili msuli ulegee upesi na kuwa tayari kwa pigo jingine. Juu yao kuna serotonini, ambayo huongeza kasi ya koromeo chakula kinapopatikana, na oktopamini, ambayo huipunguza. Mwaka 1982 ilionyeshwa kwamba ukimtia mnyoo kemikali hizi kutoka nje, utaona hayohayo: serotonini inaharakisha, oktopamini inatuliza.

Hadi hapo tumeeleza kasi ya kula. Uchaguzi wa chakula ni jambo jingine, na ndipo mafuta yanapoingia. Tumezoea kuyafikiria mafuta kama akiba, kitu cha kuwekwa na kuchomwa. Lakini seli hukata vipande vya mafuta ya utando wake na kuvituma kama ujumbe. Vipande hivyo vikiwa vya aina inayoshika vipokezi (protini za seli zinazopokea ujumbe) vilevile vinavyoshikwa na bangi, huitwa endokanabinoidi, yaani bangi ya mwili wenyewe. Cha kwanza kujulikana, anandamidi, kilipatikana mwaka 1992 katika ubongo wa nguruwe, na jina lake linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Kinatengenezwa pale kinapohitajika, kisha kimeng'enya hukivunja. Anayevuta bangi na kushikwa na njaa ya ajabu ameigusa njia hii kwa mlango wa nyuma.

Mnyoo naye anatengeneza anandamidi. Kipokezi chake, NPR-19, hakifanani sana na cha binadamu ukisoma jeni zake, na ndiyo maana kilichelewa kutambuliwa. Mwaka 2023 maabara ya Shawn Lockery, Chuo Kikuu cha Oregon, iliwalowesha minyoo katika anandamidi, kisha ikawapa bakteria wa aina mbili: wazuri na wa hivyohivyo. Walikula zaidi wale wazuri, na wale wengine wakawala kidogo kuliko kawaida. Zingatia hilo la pili. Kama ingekuwa njaa tu, wangeongeza kote kuwili. Kilichobadilika ni pua: neva moja ya kunusa, AWC, ilizidi kuitikia harufu ya chakula bora na ikafifia kwa kile duni. Walipoondoa jeni ya NPR-19 na kuweka ya kipokezi cha binadamu mahali pake, anandamidi iliendelea kufanya kazi. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa mnyoo na mtu walitengana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Koromeo hilohilo linatufikisha hadi West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako dawa ya ivamektini imegawiwa kijiji kwa kijiji dhidi ya upofu wa mtoni, ugonjwa unaoletwa na minyoo. Katika C. elegans, dawa hii hufungua milango ya kloridi ambayo kwa kawaida glutameti huifungua kwa kitambo tu, na kuiacha wazi. Msuli wa koromeo unapooza, mnyoo hali tena. Wa mgombani ana mdomo wa namna nyingine, mwiba mtupu ndani anaouchoma kwenye seli za mzizi na kunyonya. Hata hivyo, katika aina kadhaa za minyoo ya mimea, ukiwatia serotonini maabara, mwiba huanza kwenda mbele na kurudi, ingawa hakuna mzizi karibu.