Eti mzee hahitaji kula sana?
Wengi huona vijiko viwili vya uji vinamtosha mzee kwa kuwa hafanyi kazi. Nishati anayohitaji hupungua kweli, protini haipungui. Kwa siku huhitaji walau gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake (mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza), na yai zima lina gramu 6 tu.

Basi usimjazie sahani, boresha kijiko. Pika uji kwa maziwa, umimine yai lililopigwa ukiwa bado unachemka, huku ukikoroga upesi lisigande mabonge. Mpe kidogo kidogo, mara 5 au 6. Chai kabla ya chakula humjaza tumbo bure.

Akikataa ghafla, mchungulie kinywani: vidonda, au meno bandia yaliyolegea. Dawa mpya nazo huua hamu.