Buti Likigoma Kufunguka, Loki Haijafa

Wiki hii pekee nimeambiwa mara nne, na watu wasiofahamiana, maneno yaleyale: "Fundi, loki ya buti imekufa, ivunje tu uweke nyingine." Kazi yangu ni vitasa na funguo za magari hapa Dodoma, na naliandika jambo hili leo ili nisiendelee kulirudia kando ya kila gari. Loki ya buti hufa kwa nadra sana. Ndani yake mna ndoano ya chuma, kipande kinachoizuia isirudi, na springi ndogo. Vinavyochoka, kuchomoka au kuziba kwa kawaida ni vile vinavyoizunguka.

Dhana hii ndiyo inayonikera kuliko nyingine zote kwa sababu huanza na hukumu kabla ya uchunguzi. Mteja mmoja alirudi kutoka Kibaigwa na mahindi, akavuta wenzo ulio kando ya siti ya dereva, na buti halikufunguka. Katika gereji ya kwanza aliyoifikia, mfuniko ulitobolewa kwa drili. Alipofika kwangu tuligundua kwamba gunia moja lilikuwa limeusukuma mfuniko kwenda juu kwa nguvu kubwa, hata ndoano ikang'ang'ania chuma inachokishika na isiweze kuachia. Alichohitaji ni mtu mmoja auegemee mfuniko kwa viganja viwili na kuukandamiza chini, huku mwingine akivuta wenzo wakati uleule. Kazi hiyo haihitaji hata bisibisi, lakini sasa gari lake lina tundu linaloingiza vumbi, nalo vumbi ndilo adui mkubwa wa loki katika mji huu.

Wenzo wenyewe hueleza kasoro iko wapi, ila watu huuvuta kwa hasira bila kuusikiliza. Ukiinuka kiulegevu, bila upinzani wowote, ujue waya wa kuvuta umekatika au kichwa chake kimechomoka mahali pake. Ukiwa mgumu kupita kawaida, kuna kitu kimekwama, na mara nyingi ni vumbi lililochanganyika na grisi ya miaka mingi hadi likawa kama udongo mkavu. Ukivutika vizuri na ukasikia mlio kule nyuma, lakini mfuniko usinyanyuke, basi loki imeshafanya kazi yake: ama raba ya ukingoni imegandamana na rangi kwa sababu ya jua, ama springi za kunyanyulia mfuniko zimechoka. Hapo msaidizi aushike mfuniko ukingoni na kuunyanyua taratibu wakati wewe bado umeushikilia wenzo, kwa maana ukiuachia mapema ndoano huweza kufungwa tena.

Hata waya ukikatika, hakuna sababu ya kuvunja. Waya wa namna hii hukatika zaidi kwenye ncha zake kuliko katikati, hivyo ukiondoa plastiki ya kizingiti cha mlango wa dereva mara nyingi utaupata uzi wake na kuuvuta kwa koleo. Ukiwa umekatika upande wa nyuma, njia ni kupitia siti. Katika magari kama Premio na Allion migongo ya siti za nyuma hulala, na mtu mwembamba mwenye tochi na bisibisi ataifikia ndoano kwa ndani. Yapo magari ambayo kitufe cha kulaza migongo hiyo kimewekwa ndani ya buti lenyewe, na aliyebuni mpango huo ningependa siku moja aje afanye kazi pamoja nami.

Wengine hudai kwamba wenzo "umejifunga wenyewe". Toyota nyingi za saluni zina tundu dogo la ufunguo kwenye wenzo huo. Ukizungushwa, wenzo haufungui buti tena hadi ufunguo uzungushwe kurudi. Limewekwa ili umwachie mtu gari bila kumpa buti. Angalieni hapo kabla ya kuja kwangu.

Kuhusu kumimina mafuta ya injini, au ya kupikia kama nilivyokuta mara moja, kwenye tundu la ufunguo: acheni. Mafuta hunasa vumbi na kulifanya tope. Tundu la ufunguo linataka unga mkavu wa risasi ya penseli, nayo ndoano isafishwe kwanza ndipo ipakwe grisi kidogo.

Ipo pia imani, iliyotokana na video za mitandaoni, kwamba kila buti lina kishikio kinachong'aa gizani cha kumwokoa aliyefungiwa ndani. Marekani ilikifanya kuwa cha lazima kwa magari mapya ya saluni kuanzia Septemba 2001, lakini magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani, na sheria hiyo haiyahusu. Kwa hiyo msiache watoto wachezee ndani ya buti mkitegemea kishikio ambacho huenda hakipo. Mtoto akifungiwa humo katika jua letu, msinisubiri: hapo tu ndipo ninaporuhusu kuvunja chochote.

Mwisho ni betri. Buti linalofunguliwa kwa umeme hukataa betri ikiisha, na wenye Prius ya kizazi cha pili hushtuka zaidi kwa sababu betri ya volti 12 yenyewe imo huko nyuma. Ndani ya rimoti mna ufunguo wa chuma unaofungua mlango wa dereva. Ukishaingia, fungua boneti, nenda kwenye kisanduku cha fyuzi, na chini ya kifuniko chekundu utakuta mahali pa kuunganishia waya wa kuazima umeme. Ufunguo wa akiba nao usiwekwe ndani ya buti. Nilidhani hili halihitaji kuandikwa, hadi mwezi uliopita.