Mgandamizo na mwanga: jinsi haidrokaboni zinavyomenyuka bila moto

Mwulize mwanafunzi wa kemia namna ya kuharakisha mmenyuko, atakwambia upashe moto. Hajakosea. Joto huzitikisa molekuli hadi zigongane kwa nguvu, vifungo vya zamani vikatike na vipya vifungwe. Tatizo ni kwamba joto halichagui. Hutikisa kila molekuli na kila kifungo, kile unachotaka kikatike na kile usichotaka kiguswe. Mgandamizo na mwanga hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa, na vikiungana hufanya mambo ambayo kila kimoja peke yake hakiyawezi.

Haidrokaboni ni kampaundi zenye kaboni na haidrojeni tu. Mfano unaofaa hapa ni ethilini, yenye atomu 2 za kaboni na 4 za haidrojeni. Kaboni zake zimeshikana kwa kifungo maradufu, na nusu ya kifungo hicho ni dhaifu kuliko nyingine. Ikifunguka, kila kaboni hubaki na mkono mmoja wazi wa kushika jirani. Jirani naye hushika wa pili, hadi upatikane mnyororo mrefu, yaani poliethilini, plastiki tunayoifahamu sote. Methani, haidrokaboni yenye kaboni moja tu, haina kifungo maradufu, ndiyo maana isipopashwa moto huvumilia kubanwa sana bila kubadilika.

Sasa tubane. Mgandamizo, ambao vitabu vingi vya fizikia huuita kanieneo, hapa hupimwa kwa gigapaskali. Gigapaskali 1 ni karibu mara 10,000 ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Hata chini kabisa ya bahari, kwenye Mfereji wa Mariana, haufiki hata gigapaskali 0.2. Molekuli mbili zisizofungamana hukaa mbali: kaboni ya huyu na kaboni ya yule huachana kwa pikomita zaidi ya 300 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita). Zikifungamana, umbali huo hushuka hadi 154. Kwa hiyo mnyororo huchukua nafasi ndogo kuliko molekuli zilizotawanyika, na mgandamizo siku zote huegemea upande wa kilicho kidogo. Hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: kwa gigapaskali 1, kila sentimita moja ya ujazo inayopungua kwa moli moja (kipimo cha wakemia cha idadi ya molekuli) ni sawa na kilojuli 1 ya nishati. Bana vya kutosha, kilima cha nishati kilichokuwa kikizuia mmenyuko hushuka.

Mgandamizo hufanya jambo la pili, na kwangu ndilo lenye mvuto zaidi. Huzipanga molekuli. Zikishakuwa fuwele, kila moja ina mahali pake na upande iliouelekea, hivyo nani atashikana na nani huamuliwa na mpangilio kabla mmenyuko haujaanza. Ila mpangilio huohuo unaweza kuwa kizuizi, maana molekuli iliyobanwa haiwezi kugeuka.

Hapo ndipo mwanga unapoingia. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, haitikisi molekuli nzima; humpandisha elektroni ngazi. Ethilini iliyopandishwa hivyo hubadili umbo: kifungo cha kaboni hurefuka, na ncha zake mbili, zilizokuwa bapa pamoja, hujisokota hadi ziwe karibu pembe mraba. Ikiwa na umbo hilo, ina hamu kubwa ya kumshika jirani, na jirani ameshasogezwa karibu na mgandamizo. Molekuli chache zilizoamshwa zinatosha kuanzisha minyororo.

Kuna kikwazo cha vifaa. Kubana kiasi hiki hufanywa kati ya ncha za almasi mbili, kwa sababu almasi ni ngumu na pia hupitisha mwanga. Lakini haipitishi mwanga wote: urujuanimno wenye mawimbi mafupi, chini ya nanomita 225 hivi, huzuiwa, na ethilini hufyonza hasa ule wa chini ya nanomita 200. Njia ya kukwepa ni kutumia leza kali ya karibu nanomita 350, ambayo almasi huiruhusu, ili molekuli ifyonze fotoni mbili kwa pamoja. Mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alikokotoa mwaka 1931 kwamba jambo hilo linawezekana. Lilithibitishwa miaka 30 baadaye, leza zilipopatikana.

Tofauti inaonekana wazi. Ethilini ikibanwa bila mwanga katika joto la kawaida humenyuka ikiwa yabisi, kwenye gigapaskali 3 hivi, na plastiki inayotoka haina mpangilio mzuri. Watafiti wa maabara ya LENS, Florence, Italia, walionyesha mwaka 2004 kwamba ikimulikwa ingali kiowevu, chini ya gigapaskali 1, hutoa poliethilini yenye fuwele safi. Hakuna kichocheo wala kiyeyusho. Linganisha na mwaka 1933, Reginald Gibson na Eric Fawcett wa kampuni ya kemikali ya ICI huko Winnington, Uingereza, walipoipata poliethilini kwa bahati: walihitaji nyuzijoto 170, na oksijeni kidogo iliyokuwemo bila wao kujua ndiyo iliyoanzisha mmenyuko.

Butadini, haidrokaboni yenye vifungo maradufu viwili, huonyesha vizuri zaidi kwamba mwanga huchagua. Ikibanwa gizani, molekuli hushikana mbilimbili na kuunda pete; ikimulikwa, hufuata njia ya mnyororo. Benzini nayo (nina maana ya pete ya kaboni 6, si mafuta ya gari) ni sugu, huhitaji zaidi ya gigapaskali 20, na mwanga hukishusha kiwango hicho.

Skrubu zinazozibana almasi zikilegezwa, ethilini ambayo haikumenyuka huwa gesi tena na kutoroka. Plastiki hubaki katika tundu lake kati ya almasi, kipande kidogo kama chembe ya vumbi.