Gloriosa ikikauka haijafa

Kila kiangazi hakosekani mtu wa kung'oa gloriosa yake akidhani imekufa, kisa majani yamekuwa manjano na shina limekauka. Hili ni ua la porini la huku kwetu: petali nyekundu zenye kingo za njano, zimepinda kwenda juu, na ncha za majani hujisokota kwenye chochote kilicho karibu. Sehemu ya juu hukauka kila mwaka; chini kiazi kimelala kikingoja mvua. Kata shina kavu, acha kumwagilia. Maji ya wakati huo ndiyo hukiozesha.

Ukilazimika kukihamisha, chimba mbali na shina. Kiazi kina umbo la V na jicho la kuchipulia liko kwenye ncha. Ncha ikivunjika, usitegemee chipukizi hapo. Kilaze kwa ubavu, sentimita 5 hadi 10 chini, kwenye udongo usiotuamisha maji, kisha uchomeke kijiti ambacho mmea utakikwea.

Zimbabwe wamelifanya ua la taifa, sisi tunalifyeka! Ila mmea wote una kolkisini, sumu inayoweza kuua, na kuna watu waliokula kiazi chake wakidhani ni cha chakula. Usikipande kabisa karibu na viazi vitamu wala watoto wanapochezea.