Neno "sababu" na mambo mawili yaliyojificha ndani yake

Nafundisha falsafa, na kila mwaka nawauliza wanafunzi wapya: kwa nini unaamini kwamba 17 ni namba tasa? Safari hii kijana wa biolojia alijibu papo hapo, "Kwa sababu seli za ubongo wangu zimeungana hivyo." Mwenzake akanyanyuka, akachukua chaki. Akagawa kwa 2, ikabaki 1. Kwa 3, ikabaki 2. Akaweka chaki chini: "Haina haja kuendelea, 5 mara 5 imeshapita 17."

Wote wawili walisema "kwa sababu". Lakini kuna sababu inayoleta tukio, kama mvua inavyoleta mafuriko, na kuna sababu inayoipa kauli haki ya kuaminiwa. Hii ya pili mimi naiita hoja.

Unaturalisti unadai kwamba kila kilichopo ni sehemu ya maumbile, na kwamba sayansi za maumbile ndizo zenye neno la mwisho. Dai la kwanza sina ugomvi nalo. Sisi ni wanyama, na hata sarufi yetu inakiri: mbuzi amelala, mtoto amelala. Dai la pili ndilo linalonikera. Seli ikipitisha umeme wakati nimekosea hesabu, imetii kanuni zilezile za kemia ilizotii nilipopatia. Kosa liko wapi basi? Ndani ya seli hulioni. Mwanafalsafa Mmarekani Wilfrid Sellars, ambaye mwenyewe aliitukuza sana sayansi, alisema katika mihadhara yake ya London mwaka 1956 kwamba kumwita mtu mjuzi wa jambo ni kumweka kwenye uwanja wa kutoa hoja na kudaiwa hoja.

Wapo wanaokimbilia kusema basi binadamu yuko nje ya maumbile. Mimi siendi huko. Namfuata mwanafalsafa John McDowell, aliyeandika mwaka 1994 kwamba tuna asili ya pili, ile tunayoipata kwa malezi. Sisi tunaosema "hana utu" juu ya mtu mzima mwenye viungo vyote, wazo hilo si geni kwetu.

Binti yangu ana miaka mitatu. "Kwa nini" yake ilikuwa ya kuchelewesha kulala tu. Juzi nikamwambia uji umepoa, anywe. Akachovya kidole, akakitoa haraka, akanishika mkono na kukichovya changu.

"Wa moto, baba. Ona."