Wafadhili huondoka siku ya sherehe

Wiki iliyopita nilisoma bajeti iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la shule. Nauli ya watu 12 kutoka Shimoni hadi Kwale, kwenda na kurudi. Fotokopi. Picha za pasipoti, nne kwa kila mtu. Malipo ya wakili wa kuapisha hati ya kiapo. Salio la simu. Chakula cha mchana, kwa sababu foleni ya ofisi ya usajili haiishi asubuhi. Chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, mtu ameongeza: "nauli ya kurudi tena wakiambiwa waje kesho."

Mstari huo wa mwisho ndio ulionikalisha chini kuandika. Kazi yangu ni kusoma maombi ya ruzuku za haki za binadamu pwani ya Kenya. Kabla ya hapo nilikaa upande wa pili wa meza miaka mingi, nikiyaandika maombi hayohayo. Nimeona pesa za ufadhili zikimfikisha mtu kwenye uraia aliounyimwa tangu kuzaliwa. Nimeona pia pesa hizohizo zikiondoka mapema na watu wakaachwa nusu ya njia. Wengi huniuliza ruzuku ya haki hununua nini hasa, maana kisima kinaonekana na darasa linaonekana. Nitajaribu kueleza.

Kwanza watu wenyewe, yaani jamii zilizoishi Kenya miaka mingi bila kutambuliwa kuwa raia. Wamakonde wa Kwale asili yao ni Msumbiji. Wazee wao waliletwa na wengine wakaja wenyewe kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa wakati wa mkoloni. Wapemba walifuata bahari kama walivyoifuata siku zote, wakaweka madema yao Shimoni, Mayungu na kwingine kabla mpaka haujawa na maana yoyote kwa mvuvi. Wengine walivuka baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Washona walitoka Zimbabwe miaka ya 1960 na kanisa lao, wakatulia Nairobi na Kiambu na useremala wao na vikapu vyao. Wanubi ndio wakongwe: ni wajukuu wa askari wa Kisudani wa jeshi la Mwingereza, waliopewa mahali pa kukaa palipoitwa kibra, msitu kwa lugha yao. Ndiyo Kibera ya leo.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wengi katika watu hawa hawakuhesabiwa upande wowote. Asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu, kwa hiyo pesa zake za M-Pesa hukaa kwa jina la jirani. Hana leseni ya uvuvi, hana akaunti ya benki, hapigi kura. Mtoto wake akifika mwaka wa mtihani anaulizwa cheti cha kuzaliwa, na cheti kinauliza kitambulisho cha mzazi. Nilimjua mzee mmoja, nahodha anayesomea watu upepo kwa kunusa tu. Mashua yake iliandikwa kwa jina la shemeji yake. Shemeji alipofariki, watoto wa shemeji wakaja kuichukua mashua, na mzee hakuwa na karatasi hata moja ya kuwaonyesha. Alikuwa na mfuko wa nailoni tu, ndani yake kadi ya kliniki ya mkewe, risiti za ushuru wa samaki zilizofifia na barua ya chifu aliyekwisha kustaafu.

Sheria haikuwa kimya. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 15, inasema mtu asiye na nchi aliyeishi Kenya mfululizo tangu siku ile ya uhuru anaweza kusajiliwa kuwa raia. Moja ya masharti ni kujua Kiswahili au lugha ya hapa. Fikiria Mpemba anapimwa Kiswahili! Ila sheria ileile iliweka muda: miaka mitano ya kuomba, na waziri akitaka aongeze mitatu. Dirisha hilo lilifungwa 2019, na wengi wa waliokusudiwa hawakuwa wamepata hata habari kwamba lilifunguliwa.

Hapo ndipo pesa inapoingia, na ina njia mbili. Ya kwanza ni kesi. Wanubi walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2003, ikakwama. Wakaenda Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2006. Kwa upande wa watoto wakaenda Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki za Mtoto, ambayo Machi 2011 iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi. Tume yenyewe ikatoa uamuzi wake 2015. Mashauri haya yalibebwa na mawakili wa taasisi mbili: Taasisi ya Haki za Binadamu na Maendeleo ya Afrika iliyoko Banjul, na Justice Initiative ya Open Society, mfuko wa George Soros. Kutoka 2003 hadi 2015 ni miaka 12. Sasa nitafutie mfadhili anayetia saini mkataba wa miaka 12. Karibu kila fomu ninayopokea ina nafasi ya miezi 12.

Jambo hili lina historia, na huwa nawasimulia wafadhili wenzangu. Mwaka 1922 kijana Mmarekani, Charles Garland, alikabidhi urithi wake, karibu dola milioni 1 aliyoona hakuitolea jasho, ikaundwa hazina ya kusaidia wanyonge. Mwaka 1930 hazina hiyo iliahidi dola 100,000 kwa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kwa ajili ya kampeni ya mahakamani dhidi ya ubaguzi. Mdororo wa uchumi ukala hisa zake, na ikalipwa sehemu ndogo tu ya ile ahadi. Kwa hiyo sehemu ndogo wakili Nathan Margold aliandika mpango. Charles Hamilton Houston akaushika, akaupindua alipoona hapafai, akawafunza wanafunzi wake, mmoja wao Thurgood Marshall. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba shule za ubaguzi ni haramu. Ni miaka 24 tangu ile ahadi. Kama hazina ile ingedai ripoti ya matokeo mwisho wa mwaka wa kwanza, Margold angeripoti kwamba ana rundo la karatasi.

Njia ya pili ni wasaidizi wa kisheria, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu nimetembea nao. Kuanzia 2013 shirika la Namati, likiwa na Nubian Rights Forum, jukwaa la haki za Wanubi pale Kibera, lilianza kuwafunza wenyeji kumshika mtu mkono kutoka mlangoni kwake hadi dirisha la msajili. Kazi kama hiyo ikafika pwani. Msaidizi si wakili. Ni dada wa mtaani anayejua fomu ipi inatangulia, chifu yupi haketi ofisini Ijumaa, na shahidi gani mzee bado yuko hai. Silaha yake ni daftari. Anaandika tarehe aliyofika mteja, karatasi aliyoulizwa, jibu alilopewa, tarehe ya kurudi. Aliyeulizwa cheti cha babu yake ameandikwa. Aliyeambiwa Jumatatu aende kamati ya usaili, inayohoji kama mtu ni Mkenya kweli, na Jumatatu ikafika kamati haikai, naye ameandikwa.

Daftari mia zikikusanywa zinakuwa ushahidi. Serikali ilipoanzisha Huduma Namba, mfumo wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, mwaka 2019, Nubian Rights Forum ilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020 majaji walizuia kukusanywa kwa taarifa za DNA na za mahali mtu anapokaa kwa GPS, wakataka kanuni kamili ziwekwe kwanza, na wakakubali kwamba wapo watu wanaoweza kufungiwa nje kwa kukosa karatasi. Hoja hiyo ya mwisho ilitoka mitaani, kwa watu waliolipwa posho ya nauli na chakula.

Nieleze na kizingiti ambacho walio nje ya kazi hii hawakijui. Ili kikundi kipokee ruzuku lazima kisajiliwe na kiwe na akaunti ya benki. Ili kisajiliwe, mwenyekiti, katibu na mweka hazina watoe nakala za vitambulisho. Yaani anayetaka kusaidiwa apate kitambulisho anadaiwa kitambulisho ndipo asaidiwe. Matokeo yake pesa hupitia kwa shirika kubwa la Nairobi au Mombasa lenye hesabu zilizokaguliwa, nalo hukata sehemu yake ya uendeshaji, kisha hupitia kwa shirika la kaunti, nalo hukata. Sisemi wanaiba, ukaguzi una gharama na ofisi ina kodi. Lakini nimeona ruzuku iliyotajwa kwa mamilioni ikifika ufuoni ikiwa ni nauli ya safari mbili. Na watu wa ufuoni, ambao jina lao ndilo lililoombea pesa, hawakuwahi kuiona bajeti.

Sasa sherehe. Oktoba 2016 Wamakonde waliianza safari ya Nairobi wakisema watafika kwa miguu. Tarehe 13 wakapokewa Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kufikia Desemba. Mwaka uliofuata wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Washona walitangaziwa uraia Siku ya Jamhuri ya 2020, wakapewa vyeti 2021. Wapemba waliingizwa kwa tamko la Rais William Ruto Januari 2023, na Julai mwaka huo wakakabidhiwa hati zao Kilifi. Nililia siku hizo na sioni haya kusema. Ukimwona bibi wa miaka 80 ameshika kitambulisho kwa mikono miwili kama anayeshika msahafu, hutasahau.

Ni siku hizo hizo mfadhili anafunga faili. Kwenye jedwali lake lengo lilikuwa "jamii kutambuliwa." Limetimia, limewekewa alama, pesa zimehamia kwingine. Ruzuku moja niliyokuwa naisimamia wakati ule ilikatwa miezi mitatu baada ya tangazo, kwa barua ya pongezi.

Lakini tamko la Rais halitembei mlango kwa mlango. Lina orodha, na orodha ina siku yake ya mwisho. Aliyekuwa baharini wiki ya uandikishaji hakuandikwa. Aliyekuwa hospitali hakuandikwa. Mama aliyeandikwa ana watoto watano wasio na vyeti vya kuzaliwa, na usajili wa kuchelewa una foleni yake, mashahidi wake na gharama zake. Kijana aliyekuwa na miaka 14 wakati wa sherehe sasa ana 18 na karani wa zamu hajawahi kusikia kwamba jina lake ni la Kikenya. Wanubi walipata hati ya ekari 288 za Kibera mwaka 2017, baada ya maamuzi mawili ya Afrika nzima, na vijana wao wakaendelea kuitwa mbele ya kamati kusailiwa kama wageni. Kutambuliwa ni mlango kufunguliwa. Kazi ya kupitisha watu mlangoni huanza hapo, ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na haina wa kuilipia.

Na mifuko yenyewe imepungua. Open Society ilijipanga upya 2023 na kupunguza watu wengi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika ambayo hayakuwahi kugusa dola ya USAID, shirika lake la misaada, yalibanwa pia, kwa sababu waliobanwa wote walikimbilia milango ileile michache.

Kwa hiyo nageukia nyumbani. Pwani yetu ina utamaduni wa kutoa ulioutangulia mfuko wowote wa Marekani: wakfu, zaka, mchango wa harusi na wa maziko. Tunachimba visima na kujenga madrasa, na tunafanya vizuri. Nimewauliza wafanyabiashara wawili watatu kwa nini hawatoi nauli ya msajili, wakaniambia hiyo ni siasa. Sikubaliani nao. Tukiambiwa sadaka jariya tunafikiria maji yanayoendelea kunywewa baada ya mtoaji kuondoka duniani. Basi kitambulisho cha mama hutoa cheti cha mtoto, na cheti cha mtoto kitatoa cha mjukuu. Sijui kisima kinachotiririka namna hiyo.

Kwa wafadhili wenzangu nina ombi la kikazi. Tuache kulipia vitambulisho kwa hesabu ya vichwa, kwa sababu anayelipwa kwa hesabu atachagua kesi nyepesi na kumwacha yule mwenye mfuko wa nailoni. Tulipe mshahara wa msaidizi wa kisheria kwa miaka mitano, tuache fungu lisilofungwa masharti kwa safari za ghafla, na tuandike ndani ya mkataba kwamba tukio la kutambuliwa likija, ruzuku inaongezwa miaka miwili badala ya kufungwa.

Ile bajeti ya karatasi ya daftari nimeipitisha. Nilimpigia simu mwandishi wake, dada wa Shimoni, nikamuuliza ule mstari wa mwisho aliukadiria vipi. Akafungua daftari lake, nikasikia kurasa zikipinduliwa. "Kwa wastani mtu anarudishwa mara tatu, mwalimu," akaniambia. "Nimeandika moja kwa sababu niliogopa mtakataa." Tumeandika tatu. Jumanne anaondoka na watu 12 wa kwanza, saba kati yao wakiwa watoto waliozaliwa baada ya orodha kufungwa.